Mpelekeni Bibi Jela

Kikao cha ukoo kilifanyika sebuleni kwa Mama Mkubwa, mjini Tanga, wiki mbili baada ya Bibi kuanguka. Ajenda ilikuwa moja: nani atakaa na Bibi. Tulikuwa watu tisa na kila mmoja alikuja na sababu zake. Mama ana genge ambalo likifungwa siku tatu wateja wanahamia kwa jirani. Mama Mkubwa ana sukari na miguu inamvimba. Mjomba anaishi Morogoro kwenye vyumba viwili vya kupanga, na watoto wanne. Tulipozunguka mara ya pili bila jibu, Mjomba akacheka, akasema: "Basi mpelekeni Bibi jela. Hamisi kule anakula bure, analala bure, akiumwa anatibiwa. Bibi hapa tunagombania nani amchemshie uji."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu Mjomba ana kipaji cha kusema jambo zito kama mzaha. Halafu akanigeukia mimi, kwa upole kabisa, akauliza kama shahada moja hainitoshi.

Nimekaa na maneno hayo mawili tangu siku ile. La pili nitalirudia baadaye. La kwanza, lile la jela, nataka kulijibu hapa, kwa kuwa si la Mjomba peke yake. Nimelisikia kwenye daladala, kwenye foleni ya dirisha la wazee hospitalini, hata darasani kwetu, ambako tunasomea masuala ya maendeleo na tunatakiwa kujua zaidi. Kila linaposemwa lina umbo lilelile: mhalifu analishwa na serikali, mzee aliyejenga nchi hii halishwi. Kila mtu anatikisa kichwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nadhani yanaishia pabaya.

Nianze na kilicho kweli ndani ya mzaha huo. Mfungwa ana fungu. Kwenye bajeti ya nchi kuna Jeshi la Magereza, na ndani yake kuna chakula, sare, mafuta ya gari, mishahara ya askari. Kuna mtu mwenye cheo ambaye mahabusu akifa njaa ataulizwa. Bibi yangu, mwenye miaka 81, hana mtu wa namna hiyo. Akikosa uji leo, hakuna ofisi yoyote itakayoandika barua ya kujieleza.

Na hili limeandikwa kwenye Katiba yetu wenyewe. Ibara ya 11 inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, nikampigia Mama simu. Kisha nikarudi nyuma kurasa chache nikakuta ibara ya 7, inayosema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Maana yake, Bibi ana haki ambayo hawezi kwenda kuidai popote. Mahakama ya mwanzo inaweza kumfunga mjukuu wake asubuhi moja kabla ya saa sita. Haiwezi, hata ikitaka, kuamuru Bibi apewe kilo ya unga.

Sasa niseme kilicho uongo. Uongo ni kudhani kwamba sahani ya Hamisi ndiyo iliyomnyima Bibi sahani yake. Hili ni wazo lenye wateja wengi, na limewahi kusemwa na watu wakubwa. Julai 2018, Rais John Magufuli alipokuwa akimwapisha Kamishna Jenerali mpya wa Magereza, alisema wafungwa wafanye kazi, wazalishe chakula chao wenyewe, na akalaumu serikali kuendelea kuwalisha watu wenye nguvu. Watu wengi walimpigia makofi, na nyumbani kwetu pia tulipiga. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, rais huyohuyo aliingia Gereza la Butimba kule Mwanza, akazungumza na mahabusu ana kwa ana, akayaona yaliyomo. Tarehe 9 Desemba ya mwaka huo alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Sijui mtu mwingine yeyote aliyewahi kwenda kuitazama hiyo "bure" ya Mjomba akarudi akiitamani.

Hamisi ni mtoto wa marehemu mama yangu mdogo. Jina lake halisi si hilo. Ana miaka 23. Alirudi kutoka huko akiwa na upele mikononi na tabia ya kula haraka, kichwa kimeinama, kama mtu atakayenyang'anywa. Alisema walikuwa wanalala ubavu, na mmoja akitaka kugeuka inabidi safu nzima igeuke. Hicho ndicho kitanda cha bure ambacho Mjomba alitaka kumpa mama yake mzazi.

Ipo nchi moja ambako mzaha huu umekuwa kweli. Nchini Japani, takriban mfungwa mmoja kati ya watano wanawake ana miaka 65 au zaidi. Wengi wao wamefungwa kwa kuiba vitu vidogo madukani, na wapo wanaotoka na kurudi. Magereza yamelazimika kuwasaidia wafungwa kuoga na kula, kazi ambayo kwetu anaifanya mkwe au mjukuu. Ukisoma habari zao, husomi kwamba jela ya Japani ni tamu. Unasoma kwamba nje kuna baridi kiasi cha mama wa miaka 75 kuona afadhali afungiwe mlango kuliko kukaa na mlango ambao haubishwi hodi na mtu. Kwa hiyo hata pale mzaha unapotimia, aibu ni ya hao walio nje.

Sasa nieleze Hamisi alifungwa kwa nini, maana hapo ndipo hesabu yangu ilipo.

Bibi anaishi kijiji cha pwani, kusini mwa Pangani. Hamisi ndiye aliyekuwa anakaa naye. Asubuhi madumu mawili ya maji kutoka kisimani, jioni mawili. Anawasha moto, anachemsha uji, anampeleka Bibi kibarazani kupata jua. Jirani, mke wa mvuvi, ndiye anayemwogesha, kwa kuwa hilo si la mjukuu wa kiume. Usiku Hamisi analala chumba cha pili. Bibi akigonga ukuta, anaamka, anawasha tochi, anamshika mkono mpaka choo cha uani na kumrudisha. Hatua kama thelathini kwenda, thelathini kurudi. Hakuna aliyekuwa anamlipa. Tulikuwa tunasema "Hamisi yupo tu nyumbani," kama tunavyosema juu ya kijana asiye na kazi.

Mwezi wa tatu alikamatwa na boriti za mikoko. Alikuwa amekata bila kibali, kwa ajili ya fundi mmoja aliyekuwa anapaua nyumba. Sitamtetea kwa hilo. Nimekulia pwani, najua mikoko inashika udongo na kulea samaki wadogo, na najua bahari inavyosogea pale ilipokatwa. Alivunja sheria, na sheria ile ina maana. Alikiri kosa siku ya kwanza. Hukumu: faini ya shilingi 300,000 au kifungo cha miezi sita.

Laki tatu haikupatikana. Niseme ukweli wote: ilikuwepo, ila ilikuwa imeshakuwa ada yangu. Mama aliilipa benki siku kumi kabla. Mjomba hakulisema hilo kwenye kikao, na namshukuru, lakini kila mtu sebuleni alikuwa analijua.

Hamisi akaingia. Alipunguziwa theluthi, kama sheria inavyoruhusu, akakaa miezi minne. Hebu tuhesabu nchi ilinunua nini kwa miezi hiyo. Ilinunua muda wa hakimu na karani, gari la kumpeleka na mafuta yake, askari wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, ugali na maharage ya siku mia na ishirini, sare, dawa ya ule upele. Boriti zilishakatwa, mikoko haikurudi. Faini haikulipwa, kwa hiyo hazina haikupata hata senti. Na kwa gharama hiyo yote, nchi ilimwondoa mtu mmoja aliyekuwa anamtunza mzee wa miaka 81 bure.

Mke wa mvuvi alijitahidi, lakini ana watoto wake na usiku analala kwake. Mwezi wa tano, katikati ya masika, Bibi aligonga ukuta kwa mazoea, hakuna aliyeamka. Akatoka peke yake. Alikutwa asubuhi karibu na mlango wa choo, amelowa, nyonga imevunjika. Hospitalini tulimpeleka dirisha la wazee, kitanda hakikulipiwa, wauguzi walikuwa wema. Vyuma vya kuungia mfupa tuliambiwa tukanunue wenyewe. Tulichanga. Bei yake ilizidi ile faini mara kadhaa.

Kwa hiyo Mjomba anaponiambia kwamba serikali inamjali Hamisi kuliko Bibi, naona amekosea hesabu. Haikumjali yeyote. Ilichukua fedha ambazo zingeweza kuwatunza wote wawili, ikazitumia kuwatenganisha. Masikini wa gerezani na masikini wa kibarazani ni ukoo mmoja, mara nyingi ni nyumba moja, na sisi tumekaa sebuleni tunawashindanisha nani anakula ugali wa nani.

Wapo watakaosema: haya, tumekusikia, lakini nchi ni masikini, pensheni kwa kila mzee haiwezekani. Kwa hao nina jibu moja, nalo lipo ng'ambo ya maji.

Bibi ana mdogo wake, mwenye miaka 76, aliyeolewa Unguja zamani. Walizaliwa nyumba moja, wakachunga mbuzi walewale, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na ajira ya mshahara. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi: masikini au tajiri, aliyewahi kuajiriwa au asiyewahi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Zanzibar haina dhahabu ya Geita wala tanzanite ya Mirerani. Ina karafuu, watalii, na uamuzi.

Elfu hamsini si nyingi. Bibi Mdogo ananunua dawa ya presha, mchele, vocha. Lakini kila anapolipwa, anatuma elfu kumi kwa simu kwa dada yake huku Bara. Nililifahamu hili nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikashangaa. Pensheni ya Zanzibar inamlisha mzee wa Tanga. Nchi ni moja ya Muungano, bendera ni moja, tumbo lililowazaa ni moja, na kinachotofautisha uzee wao ni upande gani wa bahari mume alikuwa anaishi.

Pigeni hesabu ndogo. Elfu hamsini mara sita ni laki tatu. Faini ya Hamisi ni pensheni ya Bibi Mdogo ya miezi sita. Kama Bibi naye angekuwa analipwa, faini ingelipika kwa shida na kwa mkopo, hazina ingepata fedha yake, na usiku ule wa mvua kungekuwa na mtu chumba cha pili.

Jibu jingine ninalolisikia ni kwamba mzee ni wa familia. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo inaitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo, na makazi ya wazee kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga ya Morogoro yawe kimbilio la mwisho. Sibishani na hilo. Bibi mwenyewe ukimtajia makazi ya wazee atakwambia umchimbie kaburi kwanza. Swali langu ni: familia ni nani? Kwenye kikao kile wanaume watatu walizungumza muda mrefu kuliko wanawake sita, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyeulizwa kama anaweza kuacha kazi. Aliulizwa Mama. Aliulizwa Mama Mkubwa na miguu yake. Kisha nikaulizwa mimi, niliyebakiza muhula mmoja na utafiti. Sera inaposema "familia", anayesikia ameitwa ni mwanamke, na tena yule ambaye kazi yake inaonekana nyepesi kuiacha. Hiyo nayo ni gharama. Haionekani kwenye bajeti kwa sababu inalipwa na binti za watu.

Na hapa niwe mkweli tena: nampenda Bibi, na kuna usiku nimefungasha begi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba begi langu ndilo mpango wa taifa wa wazee.

La mwisho ni hili: kwa hiyo wahalifu waachwe? Hapana. Aliyeua, aliyebaka, aliyevamia watu kwa panga, mlango ufungwe, na humo ndani alishwe na atibiwe, kwa kuwa tukishamfunga mtu hawezi tena kujitafutia. Sitaki kijiko kimoja kitolewe kwenye sahani ya mfungwa. Naongelea mlango wa kuingilia. Naongelea wale wanaoingia kwa sababu walikosa laki moja, laki mbili, laki tatu. Kwao sheria tunayo tayari. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka mitatu atumikie adhabu kwa kufanya kazi za jamii bila malipo, akilala kwake. Kabla ya uamuzi, afisa anatakiwa achunguze mazingira ya mshitakiwa: anaishi wapi, na nani, anamtegemea nani, nani anamtegemea. Kwa kosa la Hamisi adhabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto: apande mikoko. Apande mia kwa kila boriti, kila maji yanapokupwa, miezi sita. Ufukwe ungepata miti, kijiji kingeona aibu yake na kujifunza, na jioni angerudi kuchota maji. Hakuna aliyefika kijijini kuuliza anaishi na nani.

Nina madai matatu, si makubwa. Bara ianze kulipa pensheni kwa wazee wote, hata kama itaanza na wa miaka 80 kisha ishuke taratibu kadiri uwezo unavyokua. Wazee wa umri huo ni wachache, na wengi wao hawana muda wa kusubiri tafiti kama ninayoandika mimi. Pili, asifungwe mtu kwa kukosa faini ya kosa dogo kabla ya mahakama kupokea taarifa ya afisa na kufikiria huduma kwa jamii. Tatu, ile haki ya uzee iliyomo ibara ya 11 ihamishwe kwenda kwenye haki zinazodaiwa mahakamani. Siku tutakapoandika tena Katiba, na siku hiyo inakuja, iwe kati ya mambo ya kwanza. Nataka Bibi, au mjukuu wake kwa niaba yake, aweze kusimama mbele ya hakimu yuleyule na yeye awe mdai.

Hamisi yuko nyumbani sasa. Bibi hatembei tena. Anakaa kibarazani kwenye kiti ambacho fundi wa kijijini alikitoboa katikati na kukiwekea ndoo chini, ili usiku wasihangaike na zile hatua thelathini. Tulimdanganya kwamba Hamisi alikwenda Dar kutafuta kibarua. Aliporudi, Bibi alimshika mikono, akaupapasa ule upele, hakuuliza chochote kuhusu Dar. Alimwambia jirani alete mafuta ya nazi.

Kikao kingine ni baada ya Idi. Mjomba amepiga simu kuuliza kama nimefikia uamuzi. Nimemwambia nitakuja, na nitakuja na karatasi. Upande mmoja nimeandika kila siku ya ile miezi minne na nani alilipwa kwa ajili yake: dereva, karani, askari, mpishi. Upande wa pili nimeandika majina ya waliokaa na Bibi siku hizohizo, na mbele ya kila jina nimeacha nafasi ya malipo. Nafasi zote ziko wazi. Nataka aisome kwa sauti, mbele ya watu tisa, halafu arudie ule mzaha wake.